MAJI YA GARI YANAKWENDA WAPI?



Leo somo letu ni juu ya gari. Usiseme, "Mimi sina gari, somo hili si langu." Gari lipo kijijini kwako. Pengine ni pikapu ya chama cha msingi, pengine ni gari la mtu binafsi linalokodiwa. Ndilo linalobeba mahindi yako kwenda gulioni. Ndilo linalomkimbiza mama mjamzito usiku kwenda hospitali ya wilaya. Siku likifia njiani, dereva hapati hasara peke yake.

Tutatazama mambo mawili. La kwanza ni gari kupoteza maji ya rejeta. La pili ni kufa kwa kifaa kinachoitwa tabo. Watu wengi huyaona kuwa ni mambo mbalimbali. Mwezi huu gari linakula maji, wanaongeza maji. Baada ya miezi miwili tabo inakufa, wanachanga fedha na kununua tabo. Hawaulizi kama jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili. Sisi tunasema, mara nyingi ndilo.

TABO NI KITU GANI?

Mhunzi akitaka moto mkali hufanya nini? Haongezi mkaa tu. Huvukuta. Mivukuto husukuma hewa nyingi kwenye mkaa, na chuma huwa chekundu. Bila hewa ya kutosha, mkaa hutoa moshi tu na kazi haiendi.

Injini ya dizeli ni hivyo hivyo. Mafuta peke yake hayatoshi, inataka hewa. Tabo ndiyo mivukuto ya injini. Ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga kama ya feni, nayo yamefungwa kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye injini hupita kwa nguvu kwenye gurudumu la kwanza na kulizungusha, kama maji ya mto yanavyozungusha kinu. Kwa kuwa ekseli ni moja, gurudumu la pili nalo huzunguka. Hilo la pili huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Kwa hiyo moshi ambao ungetupwa bure hufanyishwa kazi kwanza. Aliyebuni jambo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, na hati ya uvumbuzi wake ni ya mwaka 1905.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Injini ya pikapu ikipanda mlima huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika moja. Dakika moja ina sekunde 60. Gawanya 3,000 kwa 60, utapata 50. Yaani mara 50 kwa sekunde moja. Tabo je? Tabo hupita mara 100,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60, utapata zaidi ya 1,600. Sema "moja" kwa sauti. Kabla hujafunga mdomo, ile ekseli imezunguka mara 1,600. Tena inazunguka karibu na moto. Gari la dizeli likielemewa na mzigo mlimani, moshi unaoingia kwenye tabo unaweza kufika nyuzi 700. Maji ya chai huchemka kwa nyuzi 100 tu.

Kitu kinachozunguka namna hiyo hakiwezi kukaa chuma juu ya chuma. Kingesagika mara moja. Ekseli ya tabo huelea ndani ya oili. Oili hiyo ni ile ile ya injini. Inakuja kwa bomba jembamba, inapita kwenye ekseli, halafu inateremka yenyewe kwa bomba nene mpaka kwenye sampu. Tabo nyingi za siku hizi zina njia ya maji pia. Maji ya rejeta hupita tumboni mwake ili kuipoza.

Basi tabo inaishi kwa oili, na tabo nyingi zinaishi kwa oili na maji. Tukilijua hilo, mengine yote ya somo hili ni rahisi.

GARI HALINYWI MAJI

Injini hunywa dizeli. Maji hainywi. Maji ya rejeta huzunguka tu, kutoka kwenye rejeta mpaka kwenye injini na kurudi, ndani ya njia zilizofungwa. Gari likiwa zima, maji yaliyotiwa Januari utayakuta Juni, pengine yamepungua kidogo sana. Kwa hiyo dereva akisema, "Gari hili kawaida yake ni lita moja kila asubuhi," ajue kwamba hatuelezi kawaida. Anatueleza ugonjwa.

Maji yakipungua, yametoka. Yametokea wapi?

Njia iliyo rahisi kuiona ni ya kuvuja chini. Egesha gari jioni mahali palipo sawa. Kata boksi kubwa, litandaze chini ya injini, kalale. Asubuhi tazama doa liko wapi. Doa likiwa mbele kabisa, tazama rejeta na mipira yake. Likiwa chini ya mkanda wa feni, tazama pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo kwa chini, kilichotobolewa makusudi kiwandani. Kikianza kutoa maji, pampu imechoka ndani. Wako watu wanaoziba kitundu hicho kwa gundi! Hao ni kama mtu anayemziba mtoto mdomo ili asiseme kwamba anaumwa. Tena gusa na zulia la ndani, miguuni mwa abiria. Likiwa limelowa, maji yanavuja kwenye rejeta ndogo ya hita, ile inayotia joto ndani ya gari kwenye nchi za baridi. Huku kwetu hatuitumii sana, lakini maji hupita humo.

Njia ya pili ni ya kudanganya, nayo ndiyo tunayotaka muikumbuke. Boksi ni kavu, zulia ni kavu, na maji yamepungua. Mipira ya maji iliyo karibu na tabo huchakaa upesi kwa sababu ya joto. Hupasuka vijistari kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi. Gari likiwa linatembea, tone la maji likidondoka juu ya tabo haliwahi kufika chini. Linageuka mvuke pale pale. Dereva ataapa mbele ya mkutano kwamba gari halivuji, naye hasemi uongo, maana hajaona tone. Alama zipo lakini. Injini ikiwa imepoa, mulika kwa tochi kwenye maungio ya mipira karibu na tabo. Ukiona ukoko mweupe kama chumvi, au rangi ya kijani au nyekundu iliyokauka, umeipata njia. Harufu nayo husema. Maji ya rangi ya dukani, ambayo mafundi huyaita kulanti, yakiungua hutoa harufu tamu tamu.

Kibano kipya cha mpira hakifiki bei ya kuku mmoja. Tabo ni magunia mengi ya mahindi.

Usisahau mfuniko wa rejeta. Watu huufikiria kama kifuniko cha sufuria, kumbe una kazi kubwa. Ndani yake mna springi na mpira. Hukandamiza maji, na maji yaliyokandamizwa hayachemki upesi. Maji ya wazi pale Dar es Salaam huchemka kwa nyuzi 100. Ukipanda juu, huchemka mapema zaidi, yaani kila mita 300 za kupanda hupunguza kama nyuzi moja. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Lakini chini ya mfuniko mzima wenye namba karibu na 1, yanaweza kufika kama nyuzi 120 pwani bila kuchemka. Mpira wa mfuniko ukikatika, maji huchemka mapema na kumwagika njiani kama mvuke. Soma namba iliyoandikwa juu ya mfuniko, kwa mfano 0.9 au 1.1, na dukani nunua wenye namba ile ile. Mfuniko wa gari jingine unaweza kuingia vizuri kabisa na bado usifae.

DAFTARI LA MAJI

Hapa ndipo kujua kuandika kunapookoa fedha. Chukua daftari la shule, la kurasa chache. Liweke ndani ya gari pamoja na kalamu. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, dereva atazame maji na oili kabla ya kuwasha. Akiongeza kitu, aandike tarehe, kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi, na ameongeza kiasi gani. Apime kwa chupa ya lita moja, asikadirie kwa macho.

Tuseme daftari linasomeka hivi. Jumatatu, maji nusu lita. Jumatano, lita moja. Ijumaa, lita moja na nusu. Jumlisha. Ni lita 3 kwa wiki moja. Injini ya pikapu ya dizeli huchukua kama lita 8 mpaka 12 za maji. Kwa hiyo katika wiki moja gari limepoteza sehemu kubwa ya maji yake. Na tazama jambo jingine. Kiasi kinaongezeka. Nusu, moja, moja na nusu. Kidonda kinapanuka. Bila daftari dereva angesema tu, "Naongeza maji kidogo kidogo." Na kama madereva ni wawili wanaopokezana, kila mmoja angeona kidogo chake tu.

Daftari hilo hilo lipelekwe kwa fundi. Fundi mzuri atalifurahia kuliko maneno mengi.

MAJI YANAPOINGIA NDANI

Njia ya tatu ndiyo mbaya. Maji hayatoki nje kabisa, yanaingia ndani ya injini. Injini ina sehemu ya chini, ambayo ni bloku, na kichwa chake, ambacho ni hedi. Katikati yake hulazwa gasketi. Kwenye injini nyingi bloku ni ya chuma na hedi ni ya alumini. Alumini ikipata joto hutanuka kama mara mbili ya chuma. Gari likichemsha sana, hedi hupinda au hupasuka, na gasketi huachia. Kuchemsha mara moja tu kunaweza kutosha.

Utajuaje? Washa injini ikiwa baridi kabisa, mfuniko wa rejeta ukiwa umefunguliwa kabla ya kuwasha. Tazama maji. Mapovu yakipanda mfululizo kama chungu cha pombe inayoumuka, hewa ya mlipuko wa injini inaingia kwenye maji. Au washa mfuniko ukiwa umefungwa, halafu baada ya dakika moja au mbili binya mpira mkubwa wa rejeta. Ukiwa umekwisha kuwa mgumu kabla injini haijapata moto, maana yake ni ile ile. Moshi nao ni shahidi. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu, ni maji yanayoungua. Asubuhi za baridi, kama kule Njombe, gari zima hutoa moshi mweupe dakika chache halafu unaisha. Huo usikutie hofu.

Chomoa pia kijiti cha oili, na ufungue kifuniko cha kutilia oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, simama hapo hapo. Usiwashe tena gari hilo, hata kulisogeza uani. Maji yamechanganyika na oili.

Na sasa tunafika kwenye tabo. Oili yenye maji haina utelezi. Je, ni kitu gani kinachoelea ndani ya oili hiyo na kuzunguka mara 1,600 kwa sekunde? Ekseli ya tabo itakuwa ya kwanza kulia. Iko na njia nyingine tena. Maji yakipungua sana, hayafiki kwenye tumbo la tabo. Joto linapanda, oili iliyomo ndani inaungua na kuwa makaa. Makaa hayo huziba lile bomba jembamba. Tabo inakosa oili, inakufa.

Sasa fikiri. Kijiji kikinunua tabo mpya na kuifunga kwenye injini ile ile yenye maji ndani ya oili, itadumu muda gani? Tumekwisha kusikia watu wakimlaumu muuza spea kwamba ametoa spea feki. Spea feki zipo, hatukatai. Lakini hata tabo halisi ya kiwandani ingekufa.

TABO INAPOUGUA

Tabo haifi kimya. Gari huanza kupoteza nguvu mlimani. Husikika sauti kama filimbi kali au king'ora, inayopanda unapokanyaga mafuta. Baadaye moshi wa buluu hutoka nyuma na oili hupungua.

Rangi ya moshi ni kama herufi, jifunze kuisoma. Moshi mweupe tumekwisha kuueleza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Ukiona moshi mweusi na nguvu zimepungua, usikimbilie kununua tabo. Tazama kwanza ule mpira mkubwa unaopeleka hewa kutoka kwenye tabo mpaka kwenye injini, hasa kama gari lina rejeta ya hewa, inayoitwa intakula. Mpira huo ukipasuka au ukichomoka, hewa yote inatoka nje. Tazama na kisafisha hewa. Kwenye barabara zetu za vumbi huziba upesi. Kikiziba sana, tabo huvuta kwa nguvu mpaka inafyonza oili kutoka kwenye ekseli yake yenyewe. Utaona moshi wa buluu na kusema tabo imekufa, kumbe kimeziba kisafisha hewa cha bei ndogo. Vivyo hivyo lile bomba nene la kuteremshia oili likiziba au likipondeka, oili hurudi nyuma na kutafuta pa kutokea.

Kuna kipimo cha vidole, nacho hufanywa injini ikiwa imezimwa na imepoa kabisa. Fundi achomoe mpira wa hewa upande wa kisafisha hewa, ashike ncha ya ekseli ya tabo. Ikizunguka laini, na ikicheza kidogo sana kwenda pembeni, si kitu, ndivyo ilivyoumbwa kuelea. Lakini ikienda mbele na nyuma kwa kiasi unachokisikia mkononi, au mapanga yakigusa ukuta wake, imekwisha. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira nao si kitu. Dimbwi la oili ni kitu.

HATARI MBILI

Tabo ikifa vibaya, oili hupenya na kuingia kwenye injini pamoja na hewa. Injini ya dizeli inaweza kuichoma oili hiyo kama mafuta. Hapo injini hunguruma yenyewe, inazidi na kuzidi, moshi unajaa barabara nzima. Dereva anazima ufunguo, injini haizimi! Haitaki dizeli tena, inajilisha oili yake yenyewe. Watu husema ni mashetani. Si mashetani. Gari lenye gia za mkono, likiwa limesimama, akanyage klachi na breki kwa nguvu zote, aweke gia kubwa kabisa, kisha aachie klachi mara moja ili injini ikabwe. Njia nyingine ni kuiziba hewa kwa kipande cha ubao kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Asizibe kwa mkono kabisa. Kama hawezi moja wala nyingine, abiria washuke na wote wakae mbali, maana injini inaweza kupasuka.

Hatari ya pili ni ya kila siku. Gari limechemsha, mvuke unafuka, na utingo anakimbia kufungua mfuniko wa rejeta. Tumesema maji yaliyo chini ya mfuniko yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiachia mfuniko, yanachemka yote kwa pamoja na kuruka usoni. Watu wamepoteza macho kwa namna hiyo. Subiri nusu saa, au zaidi. Binya mpira wa juu kwa tambara nene. Ukiwa laini na wa uvuguvugu, ndipo ufungue polepole. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, halafu apelekwe kwenye zahanati. Asipakwe dawa ya meno wala unga.

NJIANI NA KWENYE GEREJI

Kwenye mlima kama Kitonga, dereva mwenye mzigo asisubiri mshale wa joto ufike mwisho. Ukianza kupanda kupita ulipozoea, apunguze mwendo na gia. Kama kuna hita, aifungue yote, hata kama abiria watalalamika. Itasaidia kutoa joto. Ukizidi, asimame. Asimimine maji baridi kwenye injini ya moto, kwa sababu hedi inaweza kupasuka. Kuna jambo moja la ajabu kidogo. Maji yakiwa yamekwisha kabisa, mshale unaweza kurudi chini kana kwamba mambo ni mazuri. Kile kinachopima joto kinahitaji kuzama kwenye maji. Mshale ukishuka ghafla bila sababu, simama.

Akifika juu ya mlima, asizime injini papo hapo. Aiache iunguruma taratibu dakika mbili au tatu, oili iendelee kupita kwenye tabo na kuipoza. Asubuhi pia, akishawasha, asikanyage mafuta kwa nguvu mpaka oili ifike.

Wako wanaomimina unga wa manjano au ute wa yai kwenye rejeta inayovuja. Kwa tundu dogo, ukiwa porini, hatuwezi kukukataza kufika nyumbani. Lakini unga huo hauchagui. Huziba tundu, na huziba pia njia nyembamba, pamoja na zile za tabo. Ukifika, rejeta isafishwe na kuchomelewa. Wako pia mafundi wanaotoa themostati na kuitupa, eti huku ni nchi ya joto. Kwenye injini nyingi themostati inapofunguka hufunga ile njia ya mkato, ili maji yaende kwenye rejeta. Ikitolewa, maji mengine hurudi kwenye injini bila kupozwa, na gari huzidi kuchemsha.

Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko ndani ya injini, kama ule wa ndani ya birika. Kulanti huzuia kutu na huongeza kiwango cha kuchemka. Huchanganywa nusu kwa nusu na maji safi, na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima. Lakini kulanti nyingi ni sumu, tena ina utamu. Mtoto, mbwa au mbuzi ataipenda. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda, wala usiimwage uani.

Siku ya kwenda gereji, mtu wa kamati aende pamoja na dereva. Mazungumzo yawe namna hii:

"Fundi, umesema tabo imekufa. Imeuawa na nini?"

"Mzee, tabo huwa zinakufa tu."

"Hapana, fundi. Tunaomba utuonyeshe oili yake, bomba lake la oili na kisafisha hewa. Na hili hapa daftari, gari limekula lita tatu za maji wiki iliyopita. Kwanza tupimie hedi."

Fundi akikasirika kwa maswali hayo, tafuteni mwingine.

Tabo mpya ikifungwa, oili ibadilishwe pamoja na filta yake, na mabomba ya oili yasafishwe au yawekwe mapya. Kama iliyokufa ilivunjika mapanga, intakula na mipira yake ifunguliwe na kuoshwa, maana vipande vya chuma hujificha humo. Kabla ya kufunga bomba la juu, fundi amimine oili safi kidogo ndani ya tabo. Kisha azungushe injini kwa stata bila kuiacha iwake, mpaka taa ya oili izimike. Ikiwaka, iachwe taratibu dakika chache huku watu wakitazama kwa tochi kama kuna tone popote. Jioni ya siku ile ile daftari liandikwe kilometa, oili na maji, na kesho yake asubuhi vitazamwe tena kabla gari halijapakia mzigo.